Ndege ya Adui Mezani Pangu

Kila mwalimu ana kazi yake ndogo aishikayo baada ya kusahihisha madaftari. Wengine hufuga kuku, wengine hucheza omweso hadi jua litue, na wengine huimba katika kwaya. Mimi, kwa muda wa miaka kumi na zaidi, nimekuwa nikiunda ndege ndogo za plastiki na kuzipaka rangi. Tena si ndege zozote, bali ndege za Wajapani zilizopigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa mwalimu wa Kiswahili akaaye Kampala huu ni uraibu wa ajabu kidogo, nami sikatai. Walimu wenzangu wafikapo nyumbani huniuliza maswali mawili. La kwanza, kazi hii ina faida gani? La pili, kwa nini ndege za adui? Katika makala haya nitajaribu kuyajibu yote mawili, na hasa lile la pili, kwa sababu linaigusa lugha tunayoifundisha.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana walio wengi hawajapata kuiona. Kidege huja katika sanduku la karatasi ngumu. Ndani yake mna vipande vingi vidogo vilivyoshikamana na vijiti vya plastiki, kila kipande na nambari yake, pamoja na karatasi ya michoro ya kuonyesha kipi kiunganishwe na kipi. Kipimo nikipendacho ni cha moja kwa sabini na mbili, yaani kila sentimita moja ya mezani ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Ndege ya aina ya Zero, iliyokuwa na mita 12 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, huwa karibu sentimita 17 tu, yaani urefu wa penseli. Mjenzi hukata kipande kwa kisu kikali, hukisugua kwa msasa, hukijaribu mahali pake, ndipo atie gundi. Huanza na chumba cha rubani, kwa kuwa chumba hicho kikishafungwa ndani ya kiwiliwili hakifikiwi tena. Hukipaka rangi kiti, na mikanda, na ubao wa saa, hali akijua kwamba hakuna mgeni atakayeviona.

Hapa Kampala sijaona duka liuzalo videge hivi. Vyangu huletwa na mwanafunzi wangu wa zamani afanyaye kazi Dubai, kila ajapo likizo. Msasa na gundi navipata Kikuubo, katika vichochoro vile vya wauzaji wa jumla. Brashi nyembamba na rangi za maji nazipata kwa wauzao vifaa vya wachoraji. Mvua ikishika, rangi hukawia kukauka. Umeme ukikatika, kazi hungoja mchana wa Jumapili. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni fupi: kazi hii hufundisha subira, nayo humlazimisha mtu kukitazama kitu kimoja kwa muda mrefu mpaka akijue. Mwalimu wa lugha hahitaji faida kubwa kuliko hizo.

Swali la pili lataka maelezo marefu zaidi. Watu wengi wa huku kwetu hudhani kwamba Mjapani alikuwa adui wa mbali, adui wa Mwingereza tu, asiyetuhusu. Historia yasema vingine. Mwaka 1942 brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Tarehe 5 Aprili mwaka huo, siku ya Pasaka, ndege zilizoruka kutoka manowari za Kijapani ziliupiga mji wa Colombo, na siku nne baadaye zikaipiga bandari ya Trincomalee. Waingereza walipoteza manowari kadhaa katika siku hizo, na kundi kubwa la manowari zao za Bahari ya Hindi likahamishiwa bandari ya Kilindini, Mombasa. Huko Mombasa, katika shule iliyopewa jina la Allidina Visram, tajiri aliyekuwa na maduka hata hapa Kampala, waliwekwa wataalamu wa kusikiliza na kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Madarasa yakageuka vyumba vya vita.

Mwezi Mei 1942 vita vilikaribia zaidi. Nyambizi ya Kijapani iitwayo I-30 ilipita katika pwani yetu ikiwa imebeba ndege moja ndogo. Ndege hiyo ilikunjwa na kutiwa ndani ya banda la chuma lisilopitisha maji, juu ya mgongo wa nyambizi. Nyambizi ilipoibuka, mabaharia waliitoa ndege, wakayaunganisha mabawa yake, wakaitupa hewani kwa mtambo maalumu. Iliporudi ilitua majini kwa maboya yake mawili, ikanyanyuliwa kwa winchi, ikafunguliwa na kufungiwa tena bandani. Mwanzoni mwa mwezi iliruka juu ya Aden na Djibouti. Tarehe 19 iliruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam. Ilikuwa ikipeleleza tu, ikitafuta manowari za Waingereza. Mwisho wa mwezi huo huo ndege nyingine ya aina hiyo, iliyotoka katika nyambizi I-10, iliruka juu ya bandari ya Diego Suarez, Madagaska, na usiku wa tarehe 30 vijinyambizi vya Kijapani viliingia bandarini humo vikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta.

Msomaji ataelewa basi kwa nini ndege hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Ilikuwa na viti viwili, kimoja cha rubani na kimoja cha mpelelezi, na bunduki moja ya mtutu mwembamba nyuma. Mwendo wake haukuzidi kilomita 250 kwa saa. Mezani pangu mabawa yake ni sentimita 15 na kiwiliwili chake karibu sentimita 12. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakiambiwa kwamba kitu hiki kiliwahi kupita juu ya minazi na majahazi ya Zanzibar, hukaa kimya kidogo. Halafu huuliza maswali kwa Kiswahili bila kulazimishwa, na hilo si jambo dogo katika darasa la Kampala.

Nisiwasahau waliokufa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Katika nusu ya pili ya mwaka huo divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, katika matope na malaria, mpaka ikafika Kalewa mwezi Desemba. Miongoni mwa askari hao walikuwamo vijana wengi wa Uganda, na lugha iliyowaunganisha wao na wenzao wa Kenya na Tanganyika ilikuwa Kiswahili.

Nikiwa mwalimu wa lugha, kilichonivuta sana katika videge hivi ni majina. Ndege moja ilikuwa na majina mawili au matatu. Wajapani waliihesabu kwa mwaka wa kalenda yao ya kifalme; mwaka wetu wa 1940 kwao ulikuwa 2600, na silaha za jeshi la majini zilizokubaliwa mwaka huo zikaitwa za aina ya sifuri. Ndiyo asili ya jina Zero. Wamarekani na Waingereza, ambao hawakuyajua majina ya Kijapani, walizibandika ndege hizo majina ya watu ili yakumbukike kwa wepesi: za kivita na za upelelezi zenye maboya zilipewa majina ya wanaume, na za kudondosha mabomu majina ya wanawake. Ndege iliyopita juu ya Zanzibar wakaiita Glen. Ile ya jeshi la nchi kavu, ambayo Wajapani waliiita Hayabusa, yaani kozi, ndege mwindaji, wao wakaiita Oscar. Vitabu vya vita vimejaa majina hayo ya kupachikwa. Mwenye kitu ana jina lake, na anayekiogopa naye ana lake.

Rangi nazo zina mafunzo. Wajenzi wa videge duniani hubishana bila kuchoka juu ya rangi ya Zero za mwanzo. Wengine hushikilia kwamba ilikuwa kijivu. Wengine husema ilikuwa ile iitwayo kwa Kijapani ameiro, rangi ya peremende ya sukari iliyochemshwa. Nilipoyasoma mabishano hayo nilicheka, kwa kuwa ni mabishano ya darasani kwetu. Kijivu chetu kimetokana na jivu. Wajapani kijivu chao hukiita rangi ya panya. Sisi tuna kahawia, rangi iliyotokana na kahawa. Wao hudhurungi yao ni chairo, rangi ya chai, na neno lao cha ni ndugu wa neno letu chai, yote mawili yakiwa na asili yake China. Manjano kwetu ni kiungo cha pilau kabla ya kuwa rangi. Katika Luganda rangi ya udongo huitwa kitaka kutokana na ettaka, yaani udongo, na rangi ya ndizi mbivu huitwa kyenvu kutokana na amenvu. Kumbe kila taifa limechukua rangi zake jikoni, shambani na njiani. Ndani ya ndege zao Wajapani walipaka dawa ya kuzuia kutu iitwayo aotake, yaani mwanzi mbichi. Mwenye kuitazama haamui kama ni buluu au kijani, na neno lao ao hubeba zote mbili. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa wao hawaoni tofauti?" Nikamjibu kwamba huiona vizuri, ila lugha yao haikuona haja ya kuitenga kila mara, kama lugha yetu isivyoona haja ya kutenga yeye mwanamume na yeye mwanamke.

Hapo ndipo ninapofikia jambo lenye uzito. Lugha nayo hupakwa rangi na watu wanaoibeba. Kiswahili hapa Uganda kimebeba rangi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kieneze elimu na utawala, na Kabaka Daudi Chwa akawa miongoni mwa waliompinga. Baadaye kilikuwa lugha ya kambini, kikiamrisha gwaride na kuhesabu risasi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na hivyo kikaungana katika masikio ya watu wengi na miaka ile yenyewe. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria hizo ni njema, nami naishi kwa hizo. Lakini sheria haifiki mahali ambapo mama yangu ameiweka lugha hii.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa batalioni ya nne ya KAR, ile ya Uganda. Alikwenda Ceylon, akaenda Burma, akarudi na blanketi, na sufuria ya askari, na Kiswahili. Mama yangu alipokuwa mtoto alifundishwa naye kuhesabu moja, mbili, tatu huku wakipanda kilima kutoka kisimani. Wakati huo Kiswahili kilikuwa mchezo wa baba na binti. Halafu ikaja miaka ya 1970. Usiku mmoja wanaume wenye bunduki waligonga mlango wa nyumba walimopanga yeye na kaka yake, wakasema maneno machache kwa Kiswahili, wakamchukua kaka yake. Hakurudi. Tangu siku hiyo mama yangu hajatamka neno la Kiswahili. Nilipochagua somo hili katika stashahada ya ualimu hakunikataza. Alisema tu, kwa Luganda, "Kifundishe huko huko shuleni." Mpaka leo nikimwamkia kwa Kiswahili kwa kujisahau, hunijibu kwa Luganda, kwa upole, kana kwamba nimekosea mlango.

Alipokuja kukaa nami baada ya kupasuliwa jicho, aliikuta ile ndege ya maboya mezani, rangi ya kijani iliyokoza juu, kijivu chini, na duara jekundu kwenye kila bawa. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya Wajapani.

"Wale waliopigana na baba?"

"Hao hao, Maama."

"Aliwahi kuiona hii?"

Nikamwambia kwamba huenda hakuiona. Walipokuwa Burma ndege za Wajapani zilikuwa zimepungua sana, na ndege zilizowapitia mara kwa mara zilikuwa za upande wao, zilizowadondoshea chakula. Akaonekana kuridhika. Alikumbuka babu akisimulia magunia ya mchele yaliyoanguka kutoka mbinguni. Kisha akaigusa bawa kwa kidole, akaniuliza kwa nini nimpambie adui wa baba yake chombo chake.

Nikamweleza habari ya rubani mmoja wa ndege za aina hii, Nobuo Fujita. Mwezi Septemba 1942 aliruka kutoka nyambizi I-25, akadondosha mabomu ya moto katika misitu ya jimbo la Oregon, Marekani, ili kuiteketeza. Msitu ulikuwa umelowa, na moto ukazimwa upesi. Mwaka 1962 watu wa mji wa Brookings, ulio karibu na mahali hapo, walimwalika awatembelee. Fujita alikwenda, akachukua upanga wa ukoo wake, uliorithiwa kwa miaka mingi, akawakabidhi watu wa mji ule. Akarudi huko mara nyingine. Alikufa mwaka 1997, na kwa wakati huo mji ule ulikuwa umempa uraia wa heshima.

Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo alirudi na upanga wake akaukabidhi. Waliokuja kwangu hawajarudi kukabidhi kitu."

Sikuwa na jibu, wala sikulitafuta. Akaiacha ndege pale ilipokuwa, akaenda kulala.

Nimelifikiri neno lile mara nyingi nikiwa na brashi mkononi. Sisi tufundishao Kiswahili katika nchi hii tumezoea kulalamika kwamba wazazi wana chuki na lugha. Tunasema ni ujinga, au ukabila, au kutojua faida ya soko la Afrika Mashariki. Huenda wako walio hivyo. Lakini yuko pia mzazi ambaye kwake neno "fungua" si kitenzi cha kuagiza katika ukurasa wa kumi na mbili. Ni sauti aliyoisikia mlangoni. Mzazi huyo hana upungufu wa maarifa. Ana kumbukumbu. Tukimwambia Kiswahili ni lugha tamu ya umoja, tunasema kweli, ila hatujaisema kweli yote, naye anajua.

Kujenga ndege ya adui kumenifundisha njia nyingine. Sijapata kuamini kwamba kwa kuipaka rangi vizuri ninaisafisha na yale iliyoyatenda. Duara jekundu nalipaka jekundu, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Bunduki ya nyuma naiweka mahali pake, wala siiachi sandukuni ili kidege kipendeze zaidi. Nikishamaliza, kinabaki kitu kinachoweza kushikwa mkononi, kikageuzwa na kuulizwa maswali. Hata mtoto hukitazama bila kukikimbia na bila kukisujudia.

Hivyo ndivyo ninavyojaribu kufundisha siku hizi. Nikiichukua ndege ile darasani, twaanza na majina: ndege, bawa, mkia, pua, tumbo, kiwiliwili. Wanafunzi hufurahi kuona kwamba mashine nzima imeazima mwili wa kiumbe. Tukifika kwenye rafadha huwa pana ubishi, maana wengi hulijua jina pangaboi tu. Ndipo huwasimulia habari ya I-30, na ya Khedive Ismail, na ya vijana wa Uganda huko Kabaw. Kisha huwaambia kwamba lugha waliyoitumia askari hao ilitumiwa baadaye kwa mema na kwa maovu katika mitaa yetu wenyewe, na kwamba wakawaulize wazee wao, kwa Luganda, au Lusoga, au Acholi, walilisikia wapi neno lao la kwanza la Kiswahili. Majibu waliyoniletea yangejaza kitabu. Mmoja alilisikia sokoni Owino. Mwingine kwa dereva wa lori la Mombasa. Mwingine kwa baba aliyekuwa polisi. Na wengine wamejibu kwa kunyamaza, nami huwaagiza wanafunzi waandike kwamba mzee alinyamaza.

Walimu wenzangu, msinielewe kana kwamba nawashauri mnunue gundi na plastiki. Kila mtu na kazi ya mkono wake. Ninalowaomba ni kwamba tusimfundishe mtoto wa Uganda Kiswahili kisichokuwa na historia, kama kwamba kilishuka jana kutoka wizarani. Wahenga walisema mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Ikiwa lugha hii iliingia katika nyumba fulani kwa mtutu wa bunduki, basi mwalimu anayeingia katika nyumba hiyo hiyo leo, kwa njia ya mtoto na daftari lake, na aingie kwa adabu, akijua nani aliyemtangulia mlangoni.

Mama yangu alikaa nami majuma sita, akapona, akarudi kwake Mukono. Alipokuwa akiondoka alimwonyesha mwanangu mdogo jinsi ya kupanda ngazi kwa kuhesabu. Alihesabu kwa Luganda.